Punje Mia Nne za Upepo

Ijumaa asubuhi, ikiwa imebaki siku moja msimu wa kulungu ufunguliwe, Redio aliingia na gazeti kwapani na uso wa mtu aliyefiwa na jirani asiyempenda. Tukajua kuna habari.

Kijiwe chetu kiko nyuma ya duka la chakula cha mifugo la Bernadine, huku Ohio ya milimani, kati ya magunia ya mahindi ya kuku na madonge ya chumvi ya ng'ombe. Kuna jiko la kuni, viti vinne, na birika la kahawa ambayo hakuna aliyewahi kuisifu na hakuna aliyewahi kuikataa. Nanga anakaa karibu kabisa na jiko kwa sababu ya magoti. Redio anakaa pale anapoonekana na kila anayeingia. Upepo, ambaye ni mdogo wake Bernadine, anakaa popote lakini hatulii. Mimi wananiita Mkasi, na sababu ya jina hilo iko ukutani.

Ukutani kumepigiliwa vipande vya mashati. Kwetu mwindaji akimpiga kulungu akamkosa, anakatwa mkia wa shati alilovaa siku hiyo, kipande kinapigiliwa ukutani, na juu yake yanaandikwa jina lake, mwaka na kisingizio. Kuna kimoja kimeandikwa "Jua." Kingine, "Mbu." Kuna cha Nanga, "Mti ulisogea," na mpaka leo anashikilia kwamba ulisogea. Mkataji ni mimi, nilichaguliwa kwa kura. Anayekataa kukatwa anakunywa kahawa yake nje mpaka theluji iyeyuke, na kwa baridi ya huku hajatokea wa kukataa.

Upepo ana vipande viwili, vya misimu miwili mfululizo, na vyote vina kisingizio kimoja: "Alisikia ugwe," yaani kulungu alisikia kamba ya upinde ikilia. Vyote pia vimetoka kwenye shati moja, la sufu, la miraba myekundu na myeusi. Lilikuwa la marehemu baba yao, Mzee Pruitt, aliyelivaa kila msimu kwa miaka arobaini. Alipofariki, Bernadine alichukua duka na Upepo akachukua shati. Sasa hivi kwa nyuma limeishia kiunoni. Nikikata mara ya tatu litakuwa kizibao, na Bernadine ameshaapa kwamba siku hiyo atalitia mkononi mwake na kulishona mto wa kiti. Upepo avae shati jingine aende porini? Ukimwambia hivyo anakutazama kama umemtukana mama yake. Kwa hiyo kesho haikuwa siku ya kulungu peke yake, ilikuwa siku ya shati.

Redio akafungua gazeti na kutusomea kwa sauti yake ya matangazo ya vifo. Kuna bwana mmoja wilaya ya jirani, mwenye akili zake timamu na watoto wanne, alisimama barazani kwake kuujaribu upinde wake mpya wa kifyatulio, zile pinde zinazoshikwa kama bunduki. Akafyatua. Upinde ukapasuka. Bawa moja, yaani mkono mmoja wa upinde, likaenda kwenye taa ya baraza, la pili likaenda kwenye banda la bata, na ugwe ukamnyoa nyusi ya kushoto.

"Nyusi tu?" Nanga akauliza, kama mtu aliyetarajia zaidi.

"Nyusi, na bata."

"Bata kafa?"

"Hajafa. Wanasema ameacha kutaga."

Tukanyamaza kidogo kwa ajili ya yule bata. Kisha Nanga akauliza upinde mpya unapasukaje, na Redio akasubiri tumbembeleze kwanza, ndivyo alivyo, halafu akasema kosa halikuwa la upinde. Jamaa alikuwa ametia mshale mwepesi kuliko uzito uliotajwa kwenye kitabu cha upinde.

"Nilisema mimi," Nanga akasema. Hakuna aliyekumbuka akisema.

Ikabidi tumsikilize. Nanga anaamini kwamba matatizo yote ya dunia yametokana na mishale myepesi. Sisi mishale tunaipima kwa punje, kipimo kilekile cha baruti, na punje mia nne ni kama uzito wa nusu yai. Watu wazima hapa wanapiga mishale ya punje mia nne na kitu. Nanga anapiga ya mia sita na ishirini. Mshale wake ukitoka unapinda kuelekea chini kama mtu aliyedondosha funguo, na Redio anadai kulungu wa Nanga akisikia ugwe anapata nafasi ya kumaliza kutafuna, kuaga familia na kuchagua aondokee upande gani.

"Cheka tu," Nanga akamwambia. "Wewe ulishawahi kusukuma mlango kwa bega ukidhani umekwama, kumbe uko wazi? Anayeanguka ni nani?"

"Wewe mwenyewe."

"Sasa mlango ndio mshale, na bega ndilo upinde. Mshale mzito unaibeba ile nguvu unaondoka nayo. Mshale mwepesi haukai kuibeba, unakimbia, na nguvu iliyobaki inarudi nyumbani. Inarudi kwenye mabawa, kwenye ugwe, kwenye nyusi zako."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, maneno ya Nanga yaliingia akilini. Na ndipo nilipomwona Upepo, aliyekuwa hajasema neno tangu gazeti lifunguliwe, akilisukuma boksi refu kwa kisigino kulipeleka chini ya kiti chake. Alikuwa analisukuma polepole, macho yake yakitazama dari.

Redio ana macho ya kunguru. "Hiyo nini?"

"Mishale."

"Ya nani?"

"Yangu. Kwani kuna sheria mtu asiwe na mishale?"

Tukalivuta boksi. Ndani kulikuwa na mishale sita, myembamba, mizuri sana kusema kweli, yenye manyoya ya plastiki ya rangi ya chungwa. Nanga akauchukua mmoja kwa vidole viwili, akaupandisha na kuushusha, akanipa mimi. Nilihisi nimeshika mrija wa soda.

Upepo akaanza kujitetea kabla hajashtakiwa. Akasema sisi wazee tumebaki enzi za mawe. Kulungu wa leo si wa jana, kulungu wa leo anasikia ugwe, anainama, na mshale unapita juu ya mgongo wake huku anakutazama. Misimu miwili wamemfanyia hivyo. Dawa yake ni mwendo, mshale ufike kabla ya sauti. Tukamwambia hakuna mshale unaotangulia sauti. Akasema wa kwake utajitahidi.

"Na huo uzito umeupunguza wapi?" Redio akauliza.

"Nimeweka ncha nyepesi. Lakini kitabu cha upinde wangu kinasema usishuke chini ya mia nne, na mimi sijashuka. Mia nne kamili, hakuna hata punje moja ya bure. Mnaniona mimi mjinga? Soma hapo."

Akatuonyesha ubavuni mwa mshale. Kweli, palikuwa pameandikwa 400, kwa wino mweupe, namba nene zinazojiamini. Redio akasoma, akanipa, nami nikasoma, nikampa Nanga, ambaye hakuwa na miwani lakini alisoma pia. Namba ilikuwa pale. Nanga akanung'unika kwamba mia nne siku hizi zimekonda.

Hapo Bernadine akaja kutoka mbele ya duka kuongeza kuni. Ni mwanamke mrefu, hana haraka, na amewauzia watu wa bonde hili mishale kwa miaka ishirini. Aliutazama ule mshale mkononi mwa Nanga, akamtazama mdogo wake.

"Hiyo umenunua wapi?"

Nikaona Upepo anatafuta mlango kwa macho. Kwa sababu upinde ukipasuka ni ajali, lakini kununua mishale mahali pengine wakati dada yako ana rafu nzima ya mishale, hiyo kwetu ni kesi.

"Mtandaoni," akasema kwa sauti ndogo.

"Mtandaoni."

"Ilikuwa mirefu, ya upinde wa kawaida. Nikaikata kwa msumeno ikatoshea."

Bernadine akafunga mlango wa jiko taratibu. Redio akajificha nyuma ya gazeti. Tungekuwa na heshima tungetoka nje, lakini kahawa ilikuwa bado ya moto.

"Na nani alikwambia hiyo mia nne ni uzito?"

"Imeandikwa, Dada."

"Imeandikwa mia nne. Haikuandikwa punje." Akaleta kiti cha kaunta, akakaa, na kumweleza kwa upole ambao ulitutisha zaidi. Kiwandani wanaulaza uti wa mshale juu ya vigingi viwili, wananing'iniza mzigo katikati, wanapima umepinda kiasi gani. Namba inayotoka wanaiandika ubavuni. Ni namba ya ugumu, ya kumwambia mtu uti huu unanyumbuka vipi. Haijui kitu kuhusu uzito. Unaweza kuukata vipande kumi na kila kipande chenye maandishi kitaendelea kusema mia nne.

"Mimi nilikuwa najua hilo," Redio akasema nyuma ya gazeti.

"Ulikuwa unajua lini, wakati unaisoma kwa sauti?"

Redio akageuza ukurasa.

Ikabidi ipimwe. Nanga akapendekeza mizani yake ya samaki, iliyoko kwenye gari. Redio akasema simu yake ina programu ya kupima uzito, ukiuweka mshale juu ya kioo inakwambia. Akauweka. Simu ikampigia shemeji yake. Bernadine wala hakuwajibu, alikwenda kaunta akarudi na ile mizani ndogo anayopimia baruti ya risasi, iliyofunikwa kwa kifuniko kama keki. Akasubiri mshale utulie. Sote tukainama, vichwa vitano juu ya kitu kisichozidi uzito wa herufi kwenye barua.

Punje mia mbili tisini. Na ncha yake imo.

Hakuna aliyecheka, na kijiwe chetu kinacheka misibani. Upepo aliutazama ule mshale kama umemsaliti, akautoa, akaurudisha tena juu ya mizani. Mia mbili tisini. Akapima wa pili. Mia mbili themanini na tisa.

"Umeshaipiga?" Bernadine akauliza.

"Kidogo."

"Kidogo ngapi?"

"Mitano. Jana, nyuma ya nyumba. Upinde ulikuwa unalia kama mlango uliopigwa teke. Nilifurahi, nikasema sasa nguvu imekuja."

Bernadine akamwambia alete upinde. Ulikuwa kwenye gari, ukaletwa umefungwa blanketi kama mgonjwa. Kwa macho haukuwa na kitu, mweusi, unang'aa, una darubini yake juu. Upepo akaanza kupata rangi usoni. Dada yake akachukua chupa ya aspirini, akachomoa ile pamba iliyomo mdomoni mwa chupa, na kuanza kuipitisha juu ya bawa la kulia, polepole, kingo zote. Pamba ikateleza. Akahamia la kushoto. Karibu na mwisho, mahali palipoonekana laini kama kioo, pamba ilikwama. Akaivuta, ikaacha nyuzi mbili tatu zimesimama kwenye ufa ambao jicho halikuuona.

"Huu kesho ungekutoa macho," akasema. Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Sina kaka mwingine, wewe."

Upepo akakaa chini. Msimu unafunguliwa kesho alfajiri, mishale haifai, upinde haufai, na shati limetundikwa kwenye mgongo wa kiti chake likiwa limebaki nusu. Nakiri nilimhurumia, na huruma si kazi ya mshika mkasi. Nanga, ambaye ameshindana naye miaka sita, akasema yuko tayari kumwazima mishale yake ya mia sita na ishirini, na kwa Nanga hiyo ni sawa na kutoa figo. Upepo akamshukuru, akasema anataka kumpiga kulungu wa mwaka huu.

Bernadine akapanda ngazi ndogo na kuteremsha upinde wake mwenyewe, ambao hajautoa tangu baba yao afariki. Akafungua kitabu chake mbele yetu: usishuke chini ya mia nne, kitako cha mshale, pale unapogusa ugwe, kiwe bapa. Akachukua mishale mitatu rafuni, akafunga ncha, akapima mmoja mmoja mdogo wake akitazama. Mia nne ishirini na tano. Mia nne ishirini na tano. Mia nne ishirini na sita. Halafu akapitisha pamba kwenye mabawa yote mawili, akaukagua ugwe, na kututoa nje sote, kwenye gunia la majaribio nyuma ya ghala.

Upepo akapiga mitatu kwa hatua ishirini na tano. Yote mitatu ungeifunika kwa kiganja. Nanga akakubali kwamba kwa mishale ya kitoto haikuwa vibaya. Redio akasema angekuwa na kipaza sauti angetangaza. Tukarudi ndani tukiwa wepesi moyoni, lakini Upepo alibaki amesimama na shati mkononi.

"Gunia halina masikio," akasema. "Kulungu atainama, Dada. Nitampiga sawasawa na atainama. Mkasi ataninyoa shati mpaka kwapani."

"Anainama lini?" Bernadine akauliza. "Baada ya kufyatua?"

"Kabla."

Tukatazamana.

"Kabla ya kufyatua?" nikauliza mimi.

"Kabla kidogo. Nimeshalenga, kidole kiko tayari, naye anainua kichwa, ananitazama, anajikunja. Ndipo nafyatua."

Nanga alivua kofia. "Ndugu yangu, ugwe bado haujalia. Anasikia nini huyo mnyama?"

Upepo akawa mwekundu kuanzia shingoni. Alizungusha kifungo cha lile shati, akakizungusha tena, mpaka nikaogopa kitang'oka. Bernadine akamwita kwa jina lake halisi, Delmar, jina ambalo hapa hutumika wakati wa msiba tu.

"Huwa namwambia baba," akasema.

"Unamwambia baba nini?"

"Namwambia, 'Huyu hapa, mzee.' Basi. Kabla sijapiga. Nimevaa shati lake, naona si adabu kupiga bila kumwonyesha."

Redio akakunja gazeti. "Kwa kunong'ona, lakini."

"Ninong'one vipi? Mnamjua mzee, masikio yake yalikuwa mazito. Ningenong'ona asingesikia."

Nani angebisha. Tulimpigia Mzee Pruitt kelele kwenye viti hivihivi miaka ishirini, ukimwomba sukari anakupa misumari. Nilitazama chini nikajifanya nafunga kamba za viatu, na viatu vyangu havina kamba. Nanga alikuwa anapenga kamasi kwa nguvu. Bernadine alimwendea mdogo wake, akamvalisha lile shati mwenyewe, mkono mmoja mmoja kama mtoto wa shule, akalinyoosha kola, akalivuta nyuma lifike kiunoni lakini halikufika.

"Mwambie," akasema. "Ila mwambie ukishapiga."

Tukatawanyika mapema siku hiyo, kila mtu ana vyombo vya kutayarisha. Mishale sita ya mtandaoni ilibaki dukani. Bernadine ameichomeka kwenye vyungu vya nyanya, inashikilia miche vizuri sana, punje mia mbili tisini zinatosha kabisa kwa nyanya.

Jumamosi alfajiri nilikuwa juu ya mti wangu, ng'ambo ya bonde, mgongo umeganda na kahawa imeisha. Mbele yangu, hatua thelathini, walikuwa wamesimama kulungu watatu wanachezesha masikio, nami nainua upinde wangu taratibu. Ndipo ikaja kutoka upande wa pili wa kilima, sauti ya mwanamume mzima anayemwita mtu mwenye masikio mazito, ikapita juu ya mto, ikapita juu ya barabara, ikarudi tena kwa mwangwi: "Huyu hapa, mzee."

Nadhani siku ile kulungu wote wa wilaya walikimbia, isipokuwa mmoja.